Bata Koo Kwanza, Mashine Baadaye

Ndugu mkulima wa Tarbaj, siku hizi kila mahali pana maneno juu ya mashine za kutotolesha mayai. Wauzaji hupita sokoni na sanduku lenye taa na kipimajoto, nao husema: tia mayai leo, baada ya mwezi utapata vifaranga. Huo si uwongo. Lakini kabla hujatoa fedha mfukoni nataka kukuuliza jambo moja: je, mayai utakayotia humo bado yana uhai?

Watu wengi hufikiri kwamba yai huanza kazi siku linapoatamiwa. Sivyo. Yai la bata, sawasawa na la kuku, huanza kuumba kifaranga mara lipatapo joto la kupita nyuzi 20 au 21 hivi. Huko Limuru yai lililowekwa rafuni hulala tu. Huku kwenu jua la mchana hufika nyuzi 35, na usiku nao mara nyingi hauna baridi ya kutosha, basi yai lililo kabatini huamka kabla ya wakati. Kifaranga huanza kuumbika, joto la kumkamilisha hakuna, naye hufa hata hajaonekana. Baada ya juma moja unaliatamisha yai lililokwisha kuviza. Halafu hulaumiwa mashine, au bata dume, au jicho la jirani.

Dawa yake ni rahisi. Bata hutaga usiku na alfajiri, kwa hiyo okota mayai mapema, jua lisiyakute. Chukua mtungi wa zamani, uzike nusu yake katika mchanga ulio kivulini, na mchanga huo uunyunyizie maji kila siku. Weka mayai ndani, ncha nyembamba ikiangalia chini, na mdomo wa mtungi uufunike kwa gunia lililoloweshwa, lakini lisiguse mayai. Hiyo ni kazi ile ile ipozayo maji ya kunywa. Usiyaoshe, wala usiyaweke kupita siku 5. Vitabu vingi husema 7, lakini naona vitabu hivyo viliandikwa penye baridi.

Sasa nirudi kwenye mashine. Yai la bata lataka nyuzi 37 na nusu mchana na usiku. Mashine ndogo ya nyumbani yajua kutia joto, kupoza haijui. Katika nyumba ya bati, saa nane mchana mwezi wa Machi, chumba chenyewe chaweza kupita joto hilo, na hapo taa ikizimika haisaidii kitu, mayai yanapikwa. Tena upepo mkavu hukausha ngozi iliyo ndani ya ganda, ikawa ngumu, na kifaranga akanasa mlangoni. Hapana budi kujaza maji katika sinia za mashine kila siku, na siku za mwisho kuzidisha.

Bata koo hana shida hizo. Yule wa uso mwekundu, aitwaye Muscovy, huatamia vizuri kuliko wote, na aweza kufunika mayai 12 hata 15. Mwekee kiota chini kwenye udongo, penye kivuli na pasipofikiwa na mbweha. Atakaa siku 35. Akitoka kula na kuoga hurudi na manyoya yenye majimaji, na unyevu ule ndio mayai yanaoutaka. Bata weupe wa Pekin hutaga sana lakini kuatamia hawataki. Mayai yao huanguliwa kwa siku 28, na hayo waweza kumpa kuku, 5 au 6 tu. Kuku hakuzoea zaidi ya siku 21, basi mtunze asikate tamaa. Yai la bata ni zito kwake, kwa hiyo mgeuzie kwa mkono asubuhi, adhuhuri na jioni, ukiweka alama ya mkaa upande mmoja. Na kwa kuwa kuku haogi, nyunyizia mayai maji ya uvuguvugu kidogo. Siku 3 za mwisho acha kugeuza.

Kifaranga akitoboa ganda, mwache. Kazi yake yaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Mimi niliwahi kumsaidia mmoja kwa huruma. Damu ilitoka, akafa mkononi mwangu.

Yupo atakayesema: huyu mwandishi atuletea bata mahali ambapo mbuzi hawana maji. Neno hilo ni la haki. Tangu mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu 5 mfululizo, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Aliyebakiwa na mbuzi wachache hawezi kugawa ndoo yake ovyo. Wenzenu wa Mwea wana mfereji. Ninyi mna silanga na visima.

Kwa sababu hiyo nasema atamisha mara moja kwa mwaka, mvua ya Gu ikiisha kushika. Mayai yakiatamiwa katikati ya Aprili, vifaranga watatoka karibu na tarehe 20 Mei, silanga ingali na maji. Na kufikia Agosti madume yafaa kuuzwa au kuchinjwa, kabla maji hayajapungua. Msimu wa Jilaal bakiza koo wawili watatu na dume mmoja tu. Kuanza kuangulia mwezi wa Januari ni kuwaita wageni nyumba ikiwa haina chakula.

Na bata wasipelekwe silangani, wataichafua, na watu huteka humo. Bata hahitaji bwawa. Ampasa beseni lenye kina cha kuzamisha kichwa, aoshe pua na macho, na maji machafu yake humwagiwa sukuma au mpapai. Vifaranga walioatamiwa na kuku wasiingie majini kabisa majuma ya kwanza, maana hawakupata mafuta ya manyoya ya mama yao. Hulowa, hupata baridi, huzama. Mahindi yenye ukungu usiwape hata punje: sumu yake huua vifaranga wa bata upesi kuliko kuku.

Ukiisha kuangulia misimu miwili kwa koo wako, na mayai yakazidi wanaoatamia, hapo nenda kwa Bwana Mifugo mzungumze habari ya mashine.