Kunde Hailishwi na Hewa Tupu

Tumeambiwa kwamba wakulima waliorudi Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya mji kukombolewa kutoka kwa waasi Agosti 2021 wapewe mbegu za kunde tu, kwa kuwa kunde hujitengenezea mbolea bure.

Haijitengenezei. Kunde haina kimeng'enya cha kuvunja naitrojeni ya hewani ili iwe mbolea. Wanacho bakteria wa vinundu vya mizizi, ambao mwanasayansi Beijerinck aliwatenga tangu mwaka 1888.

Hilo neno “bure” ndilo bovu kuliko yote. Kuvunja molekuli moja ya naitrojeni hula molekuli zisizopungua 16 za ATP, kibeba nishati cha seli. Nishati hiyo hutokana na sukari ya mmea, na kila ATP ina fosforasi ndani yake. Kimeng'enya chenyewe hutaka chuma na molibdenamu, na oksijeni hukiharibu. Kwenye mchanga uliochoka wa pwani, fosforasi itatoka wapi? Hewani?

Eti vinundu vingi mizizini ni ushahidi tosha kwamba mbolea inatengenezwa! Kipasue kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa kijani, kimekwisha kazi.

Anayepeleka mbegu Mocímboa apeleke na fosfati.