Kabla ya Haiti, Kuna Likoni
Tarehe 25 Juni 2024, polisi wa kwanza wa Kenya walishuka Port-au-Prince kwenda kuwakinga Wahaiti na magenge. Siku hiyo hiyo, polisi wenzao walikuwa wakiwafyatulia vijana waandamanaji risasi nje ya Bunge, Nairobi. Sina ugomvi na safari ya Haiti. Watu wa kule wameteseka vya kutosha, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiidhinisha tangu Oktoba 2023. Ninachouliza ni kwa nini huruma ya serikali yetu ivuke bahari kuu kabla ya kuvuka feri ya Likoni, hapa Mombasa. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti ya visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012. Likoni na Kisauni tunaishi na jamaa zao. Mama huenda kituo cha polisi na picha ya mwanawe ndani ya bahasha, akaandikiwa nambari ya OB, kitabu cha matukio, akaambiwa arudi kesho. Akirudi, aliyemwandikia hayuko zamu. Mke naye hajui akae eda au aendelee kungoja, maana hakuna maiti wala kaburi. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kuzuia watu kupotezwa kwa nguvu Februari 2007, na polisi wale walipopanda ndege miaka 17 baadaye, ilikuwa bado haijauridhia. Kuuridhia hakuhitaji ndege, wala mfadhili, wala kibali cha New York. Kunahitaji wabunge wetu wa Pwani wasimame waudai.