Asagaye Karata Hajamdhulumu Mtu

Miongoni mwa wapenzi wa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliotungwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993, ipo shutuma ya kale ya kwamba mtu asagaye jozi ya karata za mwenziwe mpaka ikaisha, au akaaye akitangua kila alitendalo mwenziwe, hachezi bali anazuia wengine wasicheze, nami, ambaye aghalabu hufungwa na watu wa namna hiyo, naona shutuma hiyo haina insafu.

Kila mchezaji huanza na alama 20 za uhai na jozi yake isiyopungua karata 60, saba mkononi na zilizobaki zimefunikwa mezani, na wengi hutafuta ushindi kwa kutuma viumbe wakazile alama za mpinzani. Lakini kanuni yasema vilevile kwamba apaswaye kuvuta karata naye hana iliyosalia, ameshindwa. Na tangu mwaka 1994, ilipotoka karata ya Millstone, ambayo kwa kila zamu yaweza kupeleka kaburini, yaani katika fungu la karata zilizotumika au kutupwa, karata mbili za juu za jozi ya mpinzani, wamekuwako waifuatao njia hiyo. Mcheza bao hatastaajabu, kwani naye hushinda kwa kumkausha mwenziwe kete za safu ya mbele, na hakuna amwitaye dhalimu.

Mpinzani amekumwagia karata mbili, na mojawapo ni joka lako azizi. Moyo wapaa, wasema umeibiwa. Walakini karata zilikuwa zimechanganywa na kufunikwa, na joka lile lingaliweza kuwa chini kabisa, usilifikie hata mchezo ukaisha, wala usingalilalamika, kwa kuwa usingalijua. Tena kadiri iwezekanavyo kumwagwa joka lililokuwa karata ya juu kabisa, ndivyo iwezekanavyo kumwagwa takataka zilizolifunika, nalo likapanda juu ukalivuta zamu ijayo. Hisabati ya mambo haya mawili ni sawasawa, ila hasara huiona kwa macho na faida huioni. Madamu jozi haijaisha, na madamu hukuitegemea karata moja tu, hujapungukiwa na kitu. Tena Millstone peke yake, ikitoa mbili nawe ukivuta moja, huhitaji kama zamu 18 kuzimaliza karata 53, hali kiumbe mmoja wa nguvu mbili asiyezuiwa huzila alama 20 kwa mashambulio kumi.

Kwa hiyo msagaji hana budi kujilinda, na hapo ndipo anapofungamana na mtanguaji. Ukimwona amekupisha zamu na ardhi zake mbili za samawati, yaani karata za kulipia gharama, zingali wima, hakuzilaza, jua kwamba yamkini anangojea kutangua, basi tanguliza jambo dogo analoweza kulichukia, upate kupitisha kubwa. Wala usimwage viumbe wako wote mezani kwa ghadhabu, maana karata ya Wrath of God, kwa gharama ya ardhi nne tu, huwafisha wote pamoja. Wawili watosha kumtisha, na waliobaki wawe akiba mkononi.

Nawaunga mkono walalamikaji kwa jambo moja, nalo ni wakati. Katika mashindano duru aghalabu hupewa dakika 50, na mtanguaji aliyekwisha kumbana mwenziwe, kisha akakaa kuzigeuzageuza karata mbili mkononi kana kwamba anahukumu kesi ya mirathi, anakula dakika zisizo zake. Mwamuzi ana haki ya kumwonya, na ingefaa amwonye mapema. Lakini na wewe uliyebanwa, ukiona hakika kwamba huna njia tena, usingoje hadi karata ya mwisho: salimu amri, kusanya karata zako, muanze mchezo wa pili, kwani katikati ya michezo huruhusiwa kuingiza karata kutoka katika akiba yako ya karata 15, na kiumbe Emrakul wa mwaka 2010 akiwamo humo ukamwingiza, siku msagaji atakapommwaga kaburini, karata zote za kaburi hilo zitachanganywa na kurudishwa jozini.