"Hakuna Kosa Lililoonekana": Jibu kwa Wanaowalaumu Madereva



Katika toleo lililopita la jarida letu alijitokeza mwenzetu mmoja akaandika kwamba matatizo wanayoyalalamikia madereva wetu wa magari ya umeme chanzo chake ni wao wenyewe. Hawasomi kitabu cha gari, alisema, wanaendesha gari la kisasa kwa mazoea ya Corolla ya mwaka 1990, kisha wanakimbilia kusema gari limeharibika. Akatoa mfano wa kijana wetu mmoja ambaye gari lake lilishika breki ghafla barabarani, abiria akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele, na kampuni anayofanyia kazi ikamsimamisha siku kumi na moja. Kwa mujibu wa mwenzetu, ushahidi ni kwamba gari lilipelekwa kwa mafundi wa kampuni iliyolitengeneza na likaonekana zima.

Mimi ni mhandisi wa mitambo ya udhibiti. Nimesomea nchi hizi hizi na nimefanya kazi humo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Naomba nafasi nimjibu, maana maneno hayo yakiachwa hivi hivi yatamdhuru mtu asiye na hatia, na nyuma yake wapo wengine wengi.

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili limetugusa sisi hasa. Tangu tarehe 1 Januari 2023, gari lolote linaloombewa kwa mara ya kwanza leseni ya teksi ya kuitwa kwa simu hapa London ni lazima liweze kutembea bila ya kutoa moshi, japo kwa sehemu ya safari. Ndiyo sababu vijana waliokuwa na Prius zao zilizokwisha kulipiwa leo wanalipa mkopo wa gari la umeme kila mwezi. Hawakulichagua kwa fahari. Wanakaa ndani yake saa kumi au kumi na mbili kwa siku, na gari likiwasaliti wanakosa chakula cha watoto.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Gari la zamani lilikuwa na tabia moja tangu siku ulipolinunua mpaka siku ulipoliuza, isipokuwa lilipochakaa. Gari la leo hulala na tabia hii likaamka na tabia nyingine. Usiku, likiwa limeegeshwa nje ya nyumba, kampuni huliletea programu mpya kwa njia ya intaneti. Asubuhi dereva anaona ujumbe mfupi kwenye kioo: marekebisho madogo na maboresho. Anaingia barabarani, na gari ambalo jana lilikuwa likifuata mstari kwa upole leo linavuta usukani kama linapigania. Au linakataa kabisa kushika mwendo alioupanga. Au, na hili ndilo la hatari, linashika breki lenyewe chini ya daraja ilhali mbele hakuna kitu. Vijana wanaziita breki za shetani.

Dereva analipeleka gari kwa mafundi. Fundi anachomeka mashine yake, anasubiri dakika chache, anatoa karatasi: hakuna kosa lililoonekana. Hapo ndipo mwenzetu alipoanguka, na si yeye peke yake. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni jibu la swali jingine. Mashine ile inasoma alama za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta za gari: waya umekatika, kamera haileti picha, rada haijibu, umeme umepungua. Inatafuta kiungo kilichovunjika. Gari linaposhika breki kwa sababu ya kivuli cha daraja, hakuna kiungo kilichovunjika. Kamera imeona, kompyuta imepima, breki zimetii. Kilichokosea ni uamuzi, na uamuzi mbaya hauachi alama ya kosa, kwa kuwa kompyuta yenyewe inaamini imefanya vyema. Ni sawa na kumpeleka hakimu hospitali ili kujua kama hukumu yake ilikuwa ya haki.

Watu huniuliza: vipi programu mpya iharibu kilichokuwa kizima? Fikirini mlinzi wa usiku. Ukimwambia apige king'ora kila aonapo kivuli, mwizi hatapita, lakini mtaa mzima hautalala. Ukimwambia asipige mpaka aone uso wa mtu, mtalala vizuri mpaka siku mtakapoibiwa. Mfumo wa breki za kujishika una mlinzi kama huyo ndani yake, nacho ni kiwango cha uhakika ambacho kompyuta lazima ikifikie kabla ya kuamua kwamba kilicho mbele ni kitu kweli. Mhandisi aliye ofisini akikishusha kiwango hicho kidogo ili kuokoa watembea kwa miguu mijini, nia yake ni njema, lakini gari hilo hilo litaanza kuogopa madaraja, alama za barabarani zilizoning'inia na malori ya njia ya pili. Hakuna namna ya kupata yote mawili bila ya kupima kwa muda mrefu, na majaribio ni ghali. Kumkabidhi mteja gari liendelee kujaribiwa ni rahisi zaidi.

Wala haya si mawazo yangu. Yameandikwa katika kumbukumbu za serikali. Mei 2021 Tesla ilianza kuyatoa magari yake ya Model 3 na Model Y ya Amerika ya Kaskazini bila ya rada, yakitegemea kamera kwa kazi hizi. Februari 2022 idara ya usalama wa barabara ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya magari yapatayo 416,000 ya aina hizo ya miaka ya 2021 na 2022, baada ya kupokea malalamiko 354 katika muda wa miezi tisa, yote ya breki kujishika bila ya sababu. Je, wote 354 hawakusoma kitabu?

Kabla ya hapo, Oktoba 2021, kampuni hiyo hiyo ilitoa toleo la 10.3 la programu yake ya majaribio, na haikupita muda ikalirudisha nyuma. Magari 11,704 yalihusika katika wito rasmi wa usalama. Sababu iliyotolewa ni kwamba programu mpya ilikata mawasiliano baina ya vipande viwili vya kompyuta ya gari, hivyo kasi ya magari ya jirani ikasomeka vibaya, na gari likaweza kutoa onyo la uongo au kushika breki. Angalieni vizuri: hakuna dereva aliyegusa kitu. Na angalieni jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: kampuni iliweza kurudisha toleo la zamani mara tu ilipotaka. Basi uwezo upo. Mwenye gari ndiye aliyenyimwa.

Gari langu ni la kampuni nyingine, na jina lake nitaliacha. Baada ya programu mpya kuingia lilianza mchezo huo huo katika safari yangu ya kila siku. Kama ada ya kazi yangu, sikuanza na lawama, nilianza na kuondoa mashaka. Nilipima upepo wa matairi na kuhakikisha magurudumu yamenyooka, kwani usukani ukikaa upande kidogo mfumo wa kushika mstari huyumba. Nilisafisha kamera na sehemu ya mbele ya rada. Wakati wa baridi chumvi ya barabarani hujenga utando usioonekana. Nilipima betri ndogo ya volti 12. Wengi hawajui kwamba gari la umeme nalo linayo, na kwamba ikichoka kompyuta huamka bila ya mpangilio na kutoa malalamiko ya kila namna. Kioo cha mbele kilikuwa cha asili; kingekuwa kimebadilishwa ningeuliza kwanza kama kamera ilipimwa upya, maana tofauti ndogo sana ya pembe kwenye kioo huwa kubwa mita mia moja mbele. Nililizima gari kabisa na kuliwasha tena. Kisha nikachukua daftari: tarehe, saa, mahali, mwendo, hali ya jua, namba ya toleo la programu. Baada ya wiki nne nilikuwa na matukio tisa, na saba kati ya hayo yalitokea kwenye madaraja matatu tu, jua likiwa chini mbele yangu.

Niliyapeleka yote kwa maandishi. Jibu lilikuwa kwamba gari linafanya kazi kama lilivyokusudiwa. Miezi miwili baadaye ikaja programu nyingine, marekebisho madogo na maboresho, na madaraja yale matatu yakatulia. Ugonjwa ambao haukuwepo ulitibiwa kimya kimya.

Wapo wanaosema basi dawa ni kukataa apdeti. Hapana. Kwa njia hiyo hiyo huja viraka vya kuziba matundu ya wezi wa mitandao, na huja marekebisho ya wito wa usalama. Desemba 2023 Tesla iliyaita magari zaidi ya milioni mbili huko Marekani kwa sababu mfumo wake haukuwa ukimsimamia dereva vya kutosha, na marekebisho yalipelekwa kwa intaneti. (Hata hayo hayakumaliza kesi: Aprili 2024 NHTSA ilifungua uchunguzi mwingine kujua kama yalitosha.) Kijana anayekataa kila apdeti anaweza kuwa anakataa dawa. Ninachoshauri ni kutoipokea usiku wa kuamkia kazi. Ipokee siku ya mapumziko, andika namba ya toleo la zamani na la jipya, kisha zunguka katika barabara unayoijua, bila ya abiria, mikono ikiwa kwenye usukani.

Na hapa nitamkubalia mwenzetu jambo moja. Mifumo hii, kwa vipimo vinavyotumika duniani, ni ya daraja la pili: inasaidia, haiendeshi, na mbele ya sheria mwenye dhamana ni aliyekalia kiti. Wapo kati yetu wanaorudi usiku kutoka harusini Leicester wakiwa wamechoka na kuliachia gari likamate usukani. Huo ni upuuzi na niliwahi kuwaambia uso kwa uso. Lakini dhamana ya dereva haiifuti dhamana ya aliyebadilisha gari usiku bila ya kueleza alichobadilisha. Breki ikijishika yenyewe kwa nguvu, dereva makini kuliko wote hana nafasi ya kuizuia kabla abiria hajarushwa mbele.

Umoja wa Mataifa una kanuni juu ya jambo hili, Kanuni namba 156, ambayo Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022 na kwa magari mapya yote tangu Julai 2024. Inasema mwenye gari aelezwe shabaha ya programu mpya na mabadiliko yoyote katika kazi za gari. Inasema pia kwamba uwekaji wa programu ukishindikana au ukikatika njiani, gari liweze kurudi toleo la awali au kubaki katika hali ya usalama. Soma tena. Kinga ipo kwa programu iliyoshindwa kuingia. Kwa programu mbovu iliyoingia vizuri, mwenye gari hakupewa haki yoyote ya kuirudisha nyuma. Kazini kwangu tunasimamia pampu za maji, na hakuna anayebadilisha programu ya pampu moja bila ya karatasi yenye sahihi mbili na nakala ya zamani iliyohifadhiwa tayari kurudishwa. Pampu ya maji machafu ina kinga kubwa kuliko gari lililobeba watoto wa shule!

Mpaka sheria itakapobadilika, madereva wetu wasikae mikono mitupu. Karatasi ya "hakuna kosa" isiwatoe njiani. Waombe kwa maandishi jibu la swali hili: ni nini kilichobadilika kati ya toleo hili na hili katika breki na usukani? Sheria ya ulinzi wa taarifa ya hapa Uingereza inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zinazoshikwa na kampuni, zikiwemo zinazotumwa na gari lake, na kampuni kwa kawaida ina mwezi mmoja wa kujibu, bila ya malipo. Kasoro ya hatari iripotiwe DVSA, kila mtu na yake, maana uchunguzi ule wa Marekani ulianza kwa malalamiko ya mmoja mmoja. Na aliyenunua gari kwa muuzaji kama mlaji akumbuke Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Anayeona uzito wa kuandika barua hizo kwa Kiingereza cha kiofisi aje, Jumamosi mbili za mwezi nipo ukumbini baada ya saa nane mchana.

Kijana aliyetolewa mfano na mwenzetu alikuja. Tuliangalia namba za matoleo: programu mpya iliingia usiku wa kuamkia siku ile ya tukio. Ameandika kuomba kumbukumbu za gari lake za asubuhi hiyo, na muda wa kampuni kumjibu unakwisha tarehe 28 mwezi huu. Akinipa ruhusa nitalileta jibu hilo hapa, na mwenzetu alisome pamoja nasi.