VIKWAZO VILIMBANA NANI IRAK?

Agosti 1990 Umoja wa Mataifa uliiwekea Irak vikwazo kwa kuivamia Kuwait. Mwaka 1991 ukaongeza sharti: Saddam Hussein ateketeze silaha za sumu na makombora ya masafa marefu, ndipo apumue.

Je, nani alibanwa? Kigogo aliendelea kujenga makasri. Mlalahoi ndiye aliyeuza vyombo vya ndani apate unga. Dinari yake iligeuka karatasi. Mpango wa mafuta kwa chakula ulianza Desemba 1996, miaka sita baadaye!

Mwaka 2003 Marekani ikavamia kusaka silaha. Maghala hayakuonekana. Kumbe zilikwishateketezwa zamani, na mlalahoi alikuwa bado kitanzini.

Tunasema wazi: anayetaka kumbana dikteta akabe akaunti zake, siyo sahani ya mtoto.