Deni la Mwalimu Si Sadaka



Kuna maneno mawili ambayo watawala wetu wamezoea kuyachanganya kwa makusudi: deni na sadaka. Sadaka humtegemea mtoaji. Huitoa apendapo, kwa kiasi akipendacho, na mpokeaji hana budi kushukuru. Deni si hivyo. Deni lina tarehe, lina kiasi na lina mwenyewe, na dawa yake ni kulipa. Mwalimu anapodai mshahara na marupurupu aliyoahidiwa kwa maandishi, haombi sadaka. Anadai chake. Hata hivyo, kila suala hili linapozuka, serikali huzungumza kana kwamba inajitolea, na mwalimu huchorwa kama mlafi anayewanyima watoto wa maskini masomo.

Tunawaandikia leo kwa ajili ya walimu wa Migori na Homa Bay, walio kazini na waliostaafu, pamoja na wajane na mayatima wa wale waliotangulia. Hoja yetu ni moja. Haki ya mwalimu haipotei Nairobi peke yake. Hupotea pia hapa nyumbani, kimya kimya, kwa sababu ya karatasi zisizohifadhiwa na muda usiohesabiwa. Upotevu wa Nairobi utahitaji vyama, mahakama na kura. Huu wa nyumbani tunaweza kuanza kuuzuia sisi wenyewe, tukitaka.

Katika sehemu hizi, mwalimu na kanisa walizaliwa pamoja. Waadventista walianzisha misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wakatoliki nao wakajenga Asumbi, mahali ambapo hadi leo pana chuo cha ualimu. Mwalimu wa zamani ndiye aliyefundisha kusoma, ndiye aliyeongoza nyimbo Jumapili au Sabato, na ndiye aliyewaandikia wanakijiji barua zao. Leo mtu huyo huyo, au mjane wake, ana barua yake mwenyewe ambayo haijajibiwa. Je, ni nani atakayemwandikia ya pili?

Tukumbushane historia, maana asiyejua alikotoka hudanganywa njiani. Mnamo Oktoba 1997, zikiwa zimesalia wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, walimu wa nchi nzima waligoma chini ya chama chao cha KNUT, ambacho katibu mkuu wake alikuwa Ambrose Adongo. Serikali ya KANU, iliyokuwa imebanwa na madai ya mageuzi bungeni, makanisani na barabarani, ilikubali nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika muda wa miaka 5. Makubaliano hayo yalichapishwa kuwa Tangazo la Kisheria Nambari 534 la 1997, pamoja na marupurupu. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 serikali ikasema hazina ni tupu. Oktoba mwaka huo walimu wakagoma tena, na wakarejea madarasani bila ya kupata walichokidai.

Ahadi iliyotolewa kwa kuogopa kura ilivunjwa mara tu kura zilipohesabiwa. Lakini karatasi ilibaki. Utawala wa NARC ulipoingia ulikubaliana na walimu mwaka 2003 kuhusu kulipa mishahara iliyosalia kwa awamu. Mwaka 2013, mnamo Juni na Julai, walimu waligoma wakidai marupurupu ya lile tangazo la 1997, na serikali ikajibu kwamba lilikwisha kubadilishwa na jingine la 2003. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ahadi alikuwa amefikisha miaka 16, na wakubwa walikuwa bado wanabishana ni karatasi ipi yenye nguvu.

Walioumia zaidi ni waliostaafu. Pensheni na kiinua mgongo hukokotolewa kutokana na mshahara wa mwisho. Aliyestaafu baada ya Julai 1997, kabla awamu zote hazijalipwa, alipigiwa hesabu kwa mshahara mdogo, na hesabu hiyo ikamfuata hadi kaburini. Maelfu yao walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2008 wakashinda. Mwajiri akakata rufaa. Zaidi ya miaka 10 baada ya hukumu ile, wengi walikuwa wangali wanadai, na wengine walikwisha kuzikwa. Hukumu ni jambo moja na hundi ni jambo jingine. Anayesimama kati ya hayo mawili ni mtu mwenye faili kamili, anayeuliza bila kuchoka.

Kuna na jeraha jipya zaidi. Mwezi Julai 2019 ulipofika wakati wa kulipa awamu ya tatu ya mkataba wa 2017 hadi 2021, Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, iliwaacha nje wanachama wa KNUT, ikitoa sababu ya hukumu ya mahakama kuhusu miongozo ya kupandisha walimu vyeo. Wasiokuwa wanachama walilipwa. Mwalimu akaambiwa, kwa lugha ya hesabu, kwamba chama ni hasara. Wengi walikihama, na chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote kikapungukiwa na ada hata kikashindwa kuendesha ofisi zake ipasavyo.

Wako watakaouliza: haya yanahusu nini mageuzi ya vyama vingi? Tunawajibu kwamba yanahusu kiini chake. Chama cha wafanyakazi ni chama pia. Utawala wa chama kimoja ulilijua hilo vyema, ndiyo maana mwaka 1980 ulipiga marufuku chama cha watumishi wa serikali, kisha ukawakatalia wahadhiri usajili wa chama chao walipougomea mwaka 1993 na 1994. Watumishi walirudishiwa chama 2001, na wahadhiri wakasajiliwa 2003. Kufutwa kwa kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991 kuliruhusu vyama vya siasa, lakini uhuru wa kukusanyika na kudai pamoja ulipaswa kupiganiwa kazi kwa kazi, ofisi kwa ofisi. Sisi wa pande hizi tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga, alijulikana kama kiongozi wa wafanyakazi kabla ya kuwa waziri. Aliingia katika siasa kupitia mlango wa madai ya mishahara.

Katiba ya 2010 imeyaweka hayo katika maandishi. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaofaa, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Nacho chama kinapewa haki ya kujadiliana na mwajiri. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu maombi ya habari ndani ya siku 21. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi apewe hati inayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa, na inakataza makato yote yakijumlishwa yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Ngao tunayo. Wanaojua kuishika ndio wachache.

Sasa tuje kwenye upotevu wa nyumbani tulioutaja. Kwanza ni muda. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inaweka kikomo cha miaka 3 kwa madai yanayotokana na mkataba wa kazi. Kwa dhara linaloendelea, miezi 12 tangu likome. Mwalimu huambiwa asubiri, suala lake linashughulikiwa, na yeye kwa adabu yake husubiri. Mazungumzo hayasimamishi saa ya sheria. Siku anapochoka kusubiri na kwenda mahakamani, hukuta mlango umefungwa, na mahakama zetu zimekataa mara nyingi kuufungua tena.

Pili ni karatasi. Barua ya kuajiriwa, barua za uhamisho na za kupandishwa cheo, hati za mshahara, barua ya kustaafu: hizi ndizo silaha. Ziko wapi? Moja ililiwa na mchwa Nyatike, nyingine ilibaki kwa mwalimu mkuu wa zamani, ya tatu ilipelekwa Nairobi bila nakala. Anapofariki mwalimu, mambo huwa magumu zaidi. Mjane hudaiwa cheti cha kifo, uthibitisho wa ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu, na mara nyingine amri ya mahakama ya kusimamia mirathi. Penye nyumba mbili au tatu, ugomvi wa jamaa huweza kuizuia faili kwa miaka. Ifahamike kwamba sheria ya urithi inamtambua pia mke aliyeolewa kwa mila. Asitishwe na yeyote kwamba hana lake kwa kukosa pete.

Tatu ni umbali. Idara ya pensheni iko Bima House, Nairobi, na makao makuu ya TSC yako huko huko. Kutoka Muhuru Bay au kisiwa cha Mfangano, safari moja ni nauli ya watu wawili, malazi na siku kadhaa, ili mtu aambiwe kwamba fomu moja haikutiwa sahihi. Katika pengo hilo ndipo madalali huingia, wakiahidi kuharakisha faili kwa malipo ya kabla. Waepukeni. Hakuna ada halali ya kuamsha faili iliyolala.

Basi tunapendekeza jambo linalowezekana. Kila parokia, kila kanisa kubwa, kila tawi la chama kuanzia Oyugis hadi Isebania, lianzishe meza ya madai, siku moja kwa mwezi. Meza hiyo haihitaji jengo wala mfadhili. Yatosha kuwa na daftari, mashine ya kunakili ya kukodi, mwalimu mstaafu mmoja anayezijua fomu, na kijana mmoja mwenye simu na mwandiko mzuri. Kazi zake ziwe nne. Ya kwanza, kunakili na kuhifadhi karatasi za kila mwalimu kabla ya kustaafu. Ya pili, kuandika tarehe ambayo kila dai lilizaliwa na tarehe litakapokufa, ili lipelekwe mapema kwa tawi la chama au kwa wakili, na ikibidi Mahakama ya Ajira kule Kisumu. Ya tatu, kuandika barua rasmi kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti, kuchukua nakala iliyopigwa muhuri, na kudai jibu kwa maandishi. Ya nne, kuwasindikiza wajane, maana mtu akiwa peke yake mbele ya dirisha la ofisi hufukuzwa kwa urahisi.

Walio kazini nao wasisahaulike. Tangu Januari 2021 upo mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma, ambamo mwalimu huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi na serikali asilimia 15. Kila mmoja aliyemo adai taarifa ya akaunti yake kila mwaka, na aangalie kama pande zote mbili zimewekwa. Kosa linaloonekana mapema hurekebishwa kwa barua moja. Lisipoonekana kwa miaka 20, huitwa umaskini.

Tunasikia jibu la serikali: fedha hazitoshi, na kila shilingi ya mwalimu inatoka kwa mkulima wa miwa wa Awendo na mvuvi wa Mbita. Ni kweli kwamba hazina ina mwisho, na ni kweli kwamba migomo huwaumiza watoto, hasa wa maskini. Kwa sababu hiyo hiyo twasema serikali isitie sahihi isichokusudia kulipa. Anayemwahidi mwalimu kabla ya kura na kumgeuka baada yake ndiye anayewafungia watoto madarasa. Nao viongozi wa vyama tunawaambia: ada za wanachama si mali yenu. Someni hesabu zenu hadharani, mpate nguvu ya kudai hesabu za wengine.

Kwa waumini tuna neno la mwisho. Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya 5, unakemea waziwazi ujira uliozuiliwa. Mara nyingi tumeusoma tukimfikiria tajiri wa mbali. Wakati umefika wa kuusoma tukimfikiria mwalimu aliyetufundisha kuusoma. Harambee ya kumzika mwalimu tunaijua vizuri, na wanasiasa huijia kwa magari mengi. Tunaomba nusu ya juhudi hiyo itumike angali hai, kwa daftari, kwa nakala na kwa barua. Jumapili hii au Sabato hii, baada ya ibada, mtafuteni mwalimu mstaafu mmoja katika kanisa lenu, mmuulize swali hili tu: dai lako lilianza lini, na karatasi zako ziko wapi?