Farasi wa Mikumi hawali majani

  Wiki hii safu yako inapanda farasi. Usicheke. Najua unajiuliza huyu kijana wa Kilosa, kidato cha nne kamaliza juzi tu na hakusogea mbele, farasi kawaonea wapi? Tulia, utayapata.

Kwetu farasi ni mnyama wa kwenye sinema, au wa kile kikosi cha polisi cha Dar. Ukizunguka Kilosa yote, kuanzia stesheni hadi ng'ambo ya Mto Mkondoa, utakutana na ng'ombe wa Wamasai, mbuzi wa kila rangi na punda wawili watatu wenye hasira. Farasi utamkosa. Washikaji wa mjini wanadhani ni ushamba wetu. Si ushamba, ni nzi.

Sikiliza kisa hiki. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley (naye alikuwa mwandishi wa gazeti kama mimi, tofauti yetu ni posho) alitoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili, mmoja kapewa na Sultani Barghash wa Zanzibar. Hawakufika mbali. Wote wawili walifia Kingaru, mwanzo mwanzo tu wa safari, wakifuatana kama watu waliokubaliana. Stanley akaamuru mzoga uzikwe. Kidogo mkuu wa kijiji katokea, anadai faini ya nguo kwa sababu mnyama kazikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamwambia hakuna shida, nawaambia askari wangu wamfukue, wamwache juu hapo alipofia. Mzee akapiga hesabu ya harufu, akaona yaishe. Jamaa akaendelea na punda, akaingia bonde la Mkata wakati wa masika, na huko tope likawamaliza punda nao. Alipotokea upande wetu huu wa Kilosa alikuwa hoi. Hivyo ndivyo babu zetu walivyokosa kuona farasi wa Sultani.

Wauaji wanajulikana. Kuna mbung'o, anayeeneza nagana, na kuna visubi, vile vidudu vidogo vya usiku vinavyoambukiza tauni ya farasi. Farasi wa kuletwa akipata kimojawapo, mara nyingi kazi imekwisha. Pundamilia, ambaye ni ndugu yake wa damu, anadunda tu porini. Na ile suti yake ya mistari si ya urembo peke yake. Mwaka 2019 watafiti walikwenda kwenye zizi moja huko Uingereza, wakawavika farasi mashuka ya mistari kama ya pundamilia. Nzi wakawa wanakuja kwa kasi ile ile, lakini wakifika karibu wanashindwa kutua vizuri, wanapitiliza au wanajigonga. Kumbe mshamba ni yule wa rangi moja!

Ndiyo maana nikiulizwa uwanja wangu namba moja wa mbio, sitaji Ulaya. Au tuseme nataja Ulaya kidogo, maana ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita kijiji kinaitwa Ulaya, sitanii, na hapo nimekunywa chai mara nyingi bila viza. Uwanja wangu ni ule uwanda wa Mkata, ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Hifadhi ipo tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar kwenda Zambia inaikata katikati kwa kama kilomita 50. Kwa hiyo jukwaa lako ni kiti cha dirishani cha basi la Iringa, na kiingilio ni nauli.

Siku moja ya mwezi wa tatu mvua ilikuwa inatufuata kutoka Morogoro. Basi letu limekwama nyuma ya lori la mafuta, matuta yanafuatana, dereva anasonya. Mara kundi la pundamilia likashtuka, sijui ngurumo sijui simba, likaanza kukimbia sambamba na sisi, mkono wa kushoto. Basi zima tukahamia upande mmoja mpaka konda akapiga kelele kwamba tutaliangusha. Dakika moja baadaye konda huyo huyo kasimama juu ya gunia la mchele wa mtu, anatangaza kama yuko redioni: "Naweka buku kwa yule mnene wa mbele!" Mama mmoja mwenye kuku akamjibu yeye yuko na yule mdogo wa mwisho, aliyekuwa anakimbia kwa kurukaruka. Mnene akaongoza, akachoka, akapitwa na jike lenye mtoto ubavuni. Kisha lori likatupisha, basi likakaza mwendo, wao wakabaki na mvua yao. Hakuna aliyelipwa. Mpaka Ruaha Mbuyuni watu walikuwa bado wanabishana.

Sasa twende Nairobi, kwenye farasi wenyewe. Kule nilipelekwa na binamu yangu, Jumapili moja, uwanja wa Ngong. Wakenya wanakimbiza farasi hapo tangu 1954, na klabu inayosimamia inaitwa Jockey Club of Kenya. Nilitegemea kukuta wazungu na kofia zao. Wapo, lakini wapo pia akina sisi: mafundi gereji, wamama na watoto, vijana wa miwani mieusi waliokuja kupiga picha tu. Katikati ya njia ya mbio kuna uwanja wa gofu, ili tajiri asipoteze muda.

Kilichonikuna si mbio. Mbio zenyewe ni fupi, hata ile Kenya Derby ni mita 2,400, ukiinama kufunga kamba ya kiatu umekosa nusu. Kilichonikuna ni kabla ya mbio, pale farasi wanapozungushwa kwenye ua ili watu wawaone. Kulikuwa na mzee mmoja kavaa koti lililochoka, kanikuta nimezubaa, akanifundisha bila kuombwa. "Kijana, usiangalie namba. Angalia masikio. Angalia jasho: huyu kalowa kabla hata hajakimbia, huyo kamaliza mbio zake hapa hapa. Angalia miguu ya nyuma inavyotua." Tukamchagua mmoja wa rangi ya kahawia, mtulivu, anatembea kama mtu anayekwenda kudai deni lake. Niliweka hela ndogo ya chai. Akaja wa pili. Mzee hata hakununa, akaniambia umeona mpanda farasi alivyobanwa kwenye kona? Nilikuwa sijaona kitu, ila nilitikisa kichwa kwa uzoefu.

Kwa wapenzi wa historia, kuna mama mmoja, Beryl Markham, alikulia Kenya na akapata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa binti wa miaka 18 hivi, enzi ambazo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume tupu. Mwaka 1936 akaruka na ndege peke yake kutoka Uingereza, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi, mafuta yakamkatalia akaangukia Kanada, mzima. Uzeeni alirudi kuishi kwenye nyumba iliyo ndani ya viwanja vile vile vya Ngong, mpaka alipofariki mwaka 1986. Dada zangu mnaoambiwa pikipiki si ya mwanamke, mkatieni mtu kisa hicho.

Lamu sijafika, naisikia tu kwa jamaa wa Pwani. Kule wanakimbiza punda ufukweni wakati wa shamrashamra za Maulidi, bila tandiko, vijana wale wale wanaobeba nao mchanga na mawe siku za kazi. Mji mzima unajipanga kando ya bahari. Kuna hata zahanati ya punda. Nikipata nauli nakwenda, mhariri asome hapa.

Haya, turudi Mikumi, maana ndiko kalamu yangu ilikokuwa inaelekea tangu mwanzo.

Mikumi mjini ni kituo cha malori. Usiku taa zinawaka, nyama inachomwa, madereva wa Zambia na Kongo wananyoosha migongo. Na siku hizi, pembeni ya chips na vocha, kuna vibanda vya kubeti. Ukiingia kuna televisheni ukutani, na ndani ya televisheni kuna farasi. Wanene, wanang'aa, nyasi za kijani kibichi, kila baada ya dakika chache wanaanza mbio upya. Hawali majani, hawanyi, mbung'o hawawajui. Ni wa kuchorwa na kompyuta.

Nina rafiki hapo, nimwite Mshikaji. Alikuwa na bodaboda ya mkataba: kila jioni anapeleka hesabu ya 10,000 kwa tajiri, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Alikuwa amebakiza miezi minne. Mke ana mimba. Mshikaji hanywi, havuti, hagombani na mtu. Ila ana daftari.

Daftari lile ndilo lililonifanya niandike haya. Ni la kurasa 96, kalipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, namba ya farasi aliyeshinda, wa pili, wa tatu. Miezi kadhaa. Kagundua, anasema, kwamba namba 4 akikosa mara tisa, ya kumi lazima arudi. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikamwambia kwamba hapo hakuna farasi namba 4. Mashine inachomoa namba kwanza, kama mtu anayechomoa karatasi kwenye kofia, halafu picha inafuata ili tupate cha kushangilia. Ile ya leo haikumbuki ya jana. Na malipo yameshapangwa ili mwisho wa mwezi mwenye mashine abaki na chake. Nikampa habari za yule mzee wa Ngong, masikio, jasho, miguu ya nyuma. Alinisikiliza kwa heshima zote.

Hesabu ya siku ya kwanza ikaingia kwa namba 4. Ya pili ikaenda kuikomboa ya kwanza. Siku ya tano tajiri alikuja mwenyewe, hakupiga kelele, akaomba ufunguo. Miezi minne ilikuwa imebaki, msomaji wangu, minne! Sasa Mshikaji anaosha malori pale barabarani, 5,000 kwa lori likiwa dogo, na mke karudi kwao Kilosa kungojea kujifungua.

Wiki iliyopita nilimpitia nikampeleka kwa miguu mpaka mwisho wa mji, pale ambapo ukibahatika unaona wanyama. Walikuwepo pundamilia sita, mbali, wanakula tu, mkia huku na huku. Tukachuchumaa. Akanyamaza muda mrefu, nikajua maneno yameingia.

"Wale wa Nairobi," akaniuliza, "siku nyingine wanaumwa?"

"Wanaumwa. Wanateguka, wanakohoa, siku nyingine wanagoma kabisa."

Akatikisa kichwa. "Sasa unaona? Utamwamini vipi mnyama anayeumwa? Wa kwetu hawaumwi."

Na mfukoni mwa suruali, nyuma, daftari lilikuwepo.